Faini Ina Kumbukumbu, Hongo Haina



Neno hongo halikuzaliwa na aibu. Katika zama za misafara, njia ya Bagamoyo hadi Tabora na kutoka hapa hadi Ujiji haikupitika bila hilo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, misafara ilikuwa imekwisha kuzoea kulipa hongo njiani, hasa Ugogo: nguo, shanga na waya za shaba zilikabidhiwa kwa watawala wa nchi, ndipo wasafiri wakaruhusiwa kuteka maji na kupita. Ulikuwa ushuru wa wazi, uliojadiliwa mchana kweupe, pengine kwa siku kadhaa. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni kubwa: haukuwa na kipimo kinachojulikana wala maandishi. Aliyelipa jana hakuwa na cha kumwonesha anayemdai leo.

Karne na nusu baadaye neno limeshuka hadhi. Hongo sasa ni rushwa, lakini kasoro ile ya zamani imebaki nayo. Kijana wa bodaboda aliyetoka Kanyenye kupeleka abiria Isevya, akasimamishwa hana kofia ngumu, huwaza jambo moja tu: "Tumalizane hapa hapa." Katika bajeti ya mwaka 2021/22 faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Yeye huona akitoa nusu yake kimyakimya amepona. Hajapona. Hana stakabadhi, hana hati, wala hana ushahidi kwamba shauri lile limekwisha. Zaidi ya hayo amefanya kosa zito kuliko lile la kofia, kwani Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji kama inavyomtia mpokeaji. Nasi Waislamu hatuhitaji kukumbushwa kwamba Mtume (s.a.w.) amewalaani wote wawili.

Kwa hiyo makala ya wiki hii inahusu kumbukumbu: mahali zinapokaa, namna ya kuzitafuta, na kwa nini kila nyumba yenye chombo cha moto inapaswa kuzijua.

Kumbukumbu ya kwanza iko polisi. Askari wa usalama barabarani anapoandika kosa kwa mashine ya kielektroniki, hutoka hati yenye namba yake, aina ya kosa, mahali, kiasi cha faini na namba ya malipo ya Serikali. Malipo hufanywa kwa namba hiyo, kupitia simu au benki, wala si kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kosa hilo huingia katika mfumo wa Jeshi la Polisi wa kusimamia makosa ya barabarani, ambao mwananchi anaweza kuufungua kwenye intaneti na kutafuta kwa namba ya usajili wa chombo, namba ya leseni au namba ya hati. Asiye na simu ya kufungulia intaneti aende kituoni na kadi ya chombo chake, aulize kwa adabu.

Hapa pana tahadhari kwa wanaonunua pikipiki au gari lililotumika. Wengi hukagua injini, magurudumu na rangi, wakasahau kukagua deni. Faini iliyoandikwa kwa namba ya usajili haifutiki kwa sababu chombo kimebadili mikono. Ingiza namba hiyo kwenye mfumo kabla ya kuhesabu fedha. Ukikuta deni, muuzaji alilipe kwanza, au mkubaliane kwa maandishi lipunguzwe katika bei.

Kumbukumbu ya pili iko mahakamani. Hati ya polisi haijawa hukumu. Ni tuhuma, pamoja na nafasi ya kuimaliza kwa kulipa. Anayelipa amekubali kosa. Anayeona ameonewa ana haki ya kukataa na kutaka shauri lipelekwe kwa hakimu, naye asikae kimya, maana siku zilizowekwa zikipita deni huongezeka. Makosa mazito, kama kuendesha kwa hatari au kusababisha kifo, hayamalizwi kwa hati. Huenda mahakamani moja kwa moja, na huko dereva anaweza kupoteza leseni yake pamoja na uhuru wake.

Shauri likishafunguliwa hupewa namba na mwaka, na hizo mbili ndizo ufunguo wa masjala. Anayetafuta jalada la ndugu yake katika Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hapa Tabora ajiandae na vitu vitatu: jina kamili la mshtakiwa kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka, namba ya kesi na mwaka wake. Akikosa namba, tarehe ya kufikishwa mahakamani humsaidia karani kupekua rejista. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomeka bure katika tovuti ya TanzLII, lakini kesi ndogo ya barabarani ya mahakama ya chini si kawaida kuikuta humo. Hiyo hufuatwa masjala, kwa barua ya kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri.

Barua hiyo isicheleweshwe. Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama hizo mbili na anayetaka kukata rufaa Mahakama Kuu anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kusubiri nakala. Tena ajue kwamba aliyekiri kosa mbele ya hakimu amejifungia mlango mkubwa: kwa kawaida hawezi tena kubishia hatia, bali ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Wako vijana wanaosema "ni kweli" ili warudi nyumbani mapema, bila kuelewa wamekubali nini. Mzazi anayempeleka mwanawe mahakamani amwambie kabla ya kuingia: sikiliza shtaka hadi mwisho, na usilolielewa uombe lielezwe tena.

Kumbukumbu ya tatu ni ile inayokaa kwenye leseni yenyewe, yaani nukta za adhabu. Hapa nchini jambo hili limezungumzwa kwa miaka kadhaa. Ndugu zetu walio ughaibuni wanaishi nalo kila siku. Uingereza, dereva anayefikisha nukta 12 ndani ya miaka mitatu kwa kawaida huzuiwa kuendesha kwa miezi sita au zaidi, na dereva mpya anayefikisha nukta 6 katika miaka miwili ya mwanzo hunyang'anywa leseni na kuanza mtihani upya. Katika Falme za Kiarabu huitwa nukta nyeusi, na zikifika 24 ndani ya mwaka mmoja leseni husimamishwa. Kijana wa Tabora anayekwenda Dubai kutafuta kazi ya udereva aijue hesabu hii kabla ya kupanda ndege, kwani huko leseni ndiyo riziki yake.

Hekima ya nukta ni kwamba haziwezi kulipwa na mwingine. Tajiri mwenye malori anaweza kumlipia dereva wake faini kila wiki na mwendo usibadilike. Nukta humfuata aliyeshika usukani, awe maskini au mwenye mali.

Ndiyo maana baadhi ya watu hujaribu kuzitwisha jamaa zao. Uingereza, mwaka 2003, gari la mwanasiasa Chris Huhne lilinaswa na kamera likienda kasi. Mkewe, Vicky Pryce, akazibeba nukta kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Huhne alikuja kuwa waziri. Ndoa ilipovunjika, siri ikatoka. Alijiuzulu uwaziri mwaka 2012, na Machi 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane kwa kupotosha haki. Kosa la mwendo lingemgharimu nukta chache. Uongo uliwagharimu heshima ya maisha.

Kisa hicho ni cha mbali, lakini tabia yake tunaijua. Kaka mwenye leseni huombwa aseme yeye ndiye aliyekuwa akiendesha, kumbe ni mdogo wake asiye nayo. Mama huambiwa atoe ushahidi wa kumnusuru mwana. Kila mmoja hudhani anatenda wema, kumbe anaandikisha jina lake katika kumbukumbu isiyo yake.

Basi, ndugu msomaji, weka nyumbani bahasha moja kwa kila chombo: kadi, nakala ya leseni, kila hati ya kosa na kila stakabadhi ya malipo. Angalia mfumo wa polisi angalau mara moja kwa mwezi. Ukikuta kosa usilolitambua, andika tarehe yake, kumbuka chombo kilikuwa wapi siku hiyo na nani alikuwa nacho, kisha nenda kituoni na vielelezo. Ukiombwa fedha isiyo na hati, omba hati. Ukinyimwa, namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.

Wapagazi waliobeba pembe kupita katika nchi hii walilipa kila walipofika, wala hawakupata karatasi ya kuwakinga mbele ya safari. Sisi tumepewa karatasi hiyo. Tuidai, tuisome, tuihifadhi.

Wabillahi tawfiq.