Oili si dawa ya kila injini, jamani

Leo nina hasira kidogo na mafundi wetu wa Kanyenye. Kijenereta cha kuchanganya petroli na oili kikikosa nguvu tu, dawa ni ileile: "ongeza oili." Ya nini? Plagi inajaa masizi, ekzosi inaziba, moshi mtaa mzima.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama moja ya kumi, hivyo kabureta iliyosetiwa Dar huku inazidisha petroli. Safisha kwanza chujio la hewa, halafu kama kabureta ina skrubu ya mchanganyiko, punguza petroli taratibu.

Wanaorusha vindege vya mfano, vile vya injini ya methanoli, wanakaza sindano mpaka mlio uwe mkali kabisa, kisha wanailegeza kidogo. Maana oili inapita humohumo kwenye mafuta. Ukibana sana pistoni inakauka, inapata moto, inajam. Kwaheri injini!

Mimi nikienda TP, somo hili nalifundishia nje kwenye kijenereta, siyo injini ya kuchora ubaoni.