Ngilu na Kibwana: Mbona Ukambani Iliwapea Ugavana Ikawanyima Seneti?

Wasee, kuna kitu Kitui na Makueni hufanya kwa kura na watu wa Nairobi hawaishiki.

Anza na Charity Ngilu. Mama aliingia bunge 1992 kama mbunge wa Kitui Central, 1997 akasimama urais, baadaye akawa waziri wa Afya, halafu wa Maji. CV si ya kuchezea. Lakini 2013 alipotaka useneta Kitui, David Musila wa Wiper akamlambisha sakafu. Miaka minne tu baadaye, 2017, watu wale wale wakampea ugavana kwa tiketi ya Narc, wakamtoa Julius Malombe wa Wiper.

Sasa vuka Makueni. Prof Kivutha Kibwana alikuwa mbunge na waziri wa Kibaki, 2007 akaangushwa. 2013 akarudi na Muungano, chama kidogo, akawa gavana. Mwanzo ilikuwa noma. Alikosana na MCA wake hadi 2014 risasi zikalia Wote. Kaunti nusura ivunjwe, ila 2015 Uhuru akakataa. Prof akatulia, akapiga kazi: kiwanda cha maembe Kalamba, na Makueni Care, familia ilikuwa inalipa 500 kwa mwaka inatibiwa. 2017 akashinda tena, this time akiwa Wiper. Magavana wengine walikuwa wanaenda Wote kujifunza.

2022 anaomba useneta na Muungano. Dan Maanzo wa Wiper akambwaga.

Umeona pattern? Kwa ugavana, Mkamba amewahi kuruka mwavuli, juu hapo anauliza nani ataleta dawa na maji. Kwa seneti anarudi kwa mwavuli, juu anaona hiyo ni sauti ya jamii Nairobi, na sauti ni ya Kalonzo.

Hapo ndio shida iko. Seneti ndio inalinda doo za kaunti. Ile hosi ya kwenu inategemea hiyo pesa ifike. Ukichagua gavana kwa kazi na seneta kwa rangi ya chama, umefunga mlango wa mbele ukaacha wa nyuma wazi.

Sisemi Maanzo ama Musila hawakutosha. Nasema swali tunaulizanga gavana, seneta pia aulizwe: umefanya nini?

2027 si mbali. Kadi ya kura uko nayo?