Wajumbe wa Mwilini na Shinikizo la Damu

Wengi wetu tukiambiwa tuna shinikizo la damu huilaumu chumvi au hasira. Yote mawili yamo. Lakini kati yake na mishipa ya damu wapo wajumbe waitwao homoni, na kila mmoja humwamsha mwenziwe.

Mlolongo mkuu huanzia kwenye figo. Figo ikihisi damu inayoifikia imepungua, hutoa renini. Renini huwezesha kutengenezwa kwa anjiotensini, ambayo huibana mishipa, kisha huziamuru tezi mbili zilizo juu ya figo kutoa aldosteroni. Hii nayo huzuia chumvi na maji yasitoke kwa mkojo. Kwa aliyeharisha au kupoteza damu, huo ni uokovu. Balaa huwa pale mlolongo unapoendelea bila haja: mishipa imebanwa, na maji yamezidi ndani yake. Hofu nayo huongeza adrenalini, ambayo huuharakisha moyo na kuichochea figo itoe renini zaidi.

Wapo pia watu ambao tezi zao hutoa aldosteroni pasipo kuamriwa. Daktari Jerome Conn wa Marekani aliueleza ugonjwa huo mwaka 1955. Mtu ambaye shinikizo lake halishuki kwa dawa tatu, au ambaye potasiamu yake imepungua, amuulize daktari kuhusu kipimo cha aldosteroni na renini, kwani tiba yake ni mahsusi.

Akina mama wana la ziada la kuzingatia. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni hulifanya ini litoe kwa wingi kitu kinachozaa anjiotensini, na hivyo shinikizo laweza kupanda. Pimwa kabla ya kuanza kuvitumia, na upimwe tena baadaye. Dawa za kuukata mlolongo huu, kama enalaprili na losartani, zaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Anayezitumia na anatarajia kushika mimba amwone daktari mapema ili abadilishiwe. Na akijikuta tayari ni mjamzito, aende siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo, dada, usimeze kidonge cha jirani kwa kuwa yeye kimemfaa. Maradhi yana jina moja, lakini mjumbe anayekusumbua wewe huenda siye anayemsumbua yeye.