Mashine itoe midundo, lakini kanuni tuziandike sisi

SAFU YA MIDUNDO
Na Rehema Kiondo

Programu za kutengenezea muziki siku hizi zinatunga biti zenyewe. Ableton Live 12, iliyotoka mwaka 2024, ina zana zinazoandika noti za MIDI kwa kubofya tu. FL Studio, iliyozoeleka katika studio za Dar es Salaam, nayo ina Riff Machine inayofanya kazi kama hiyo. Wapo wanaolia kwamba mwanamuziki amekwisha, na wapo wanaoshangilia kwamba kila mtu sasa ni prodyuza. Pande zote mbili zimeliruka swali lenye uzito: kanuni zinazoiongoza mashine zimetoka katika muziki wa nani? Mashine hutoa kilichowekwa ndani yake. Tusipoweka chetu, tutaendelea kupokea cha wenzetu.

MIDI ilizaliwa mwaka 1983, Sequential Circuits ya Marekani na Roland ya Japani zilipofanya vinanda vyao viweze kusemezana. Haibebi sauti, inabeba maagizo: noti ipi, ianze lini, iishe lini, ipigwe kwa nguvu gani kati ya 1 na 127. Kwa kuwa yote hayo ni namba, hesabu inaweza kuyaandika. Mwaka 2005 mtaalamu wa kompyuta Godfried Toussaint alionyesha kwamba kanuni ya Euclid, ile ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, inazaa midundo ya asili ya mataifa mengi. Tawanya mapigo 3 katika nafasi 8 kwa usawa kadiri inavyowezekana, nayo yataangukia nafasi ya 1, ya 4 na ya 7: huo ni mdundo wa tresillo wa Cuba. Tawanya mapigo 7 katika nafasi 12, chagua vizuri pa kuanzia, utapata mlio wa kengele unaoongoza ngoma nyingi za Afrika Magharibi. Kumbe midundo ya Waafrika ina utaratibu ambao hata kompyuta inaweza kuufuata.

Mpiga ngoma atapinga: kanuni inaonyesha pigo linapoangukia, haionyeshi uzito wake wala namna linavyochelewa kidogo ili mchezaji apate kutikisika. Ni kweli, ila uzito na uchelewaji huo navyo vina namba zake katika MIDI. Kinachokosekana ni mjuzi wa kuziweka. Mwingine atasema programu ni chombo tu, haipendelei mtu. Basi na afungue kazi mpya katika programu yoyote kubwa: kwa kawaida atakuta mpigo wa nne kwa nne na oktava ya noti 12. Chakacha huenda kwa sita, na maqamu za taarabu kama rast na bayati zina sauti zinazokaa katikati ya noti hizo. MIDI inaweza kuzifikia kwa kupindisha noti, lakini ni lazima mtu akusudie, na kijana anayekimbizana na muda hatakusudia. Hoja ya ajira ndiyo nzito kuliko zote. Studio inayopata biti bila malipo haitamwita mpiga ngoma. Kwa sababu hiyo, mpigaji ambaye mkono wake umegeuzwa kanuni anastahili kutajwa na kulipwa.

Kazi hii haitaki mabilioni. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo inafundisha ngoma, na vyuo vyetu vinatoa waandishi wa programu kila mwaka. Wakalishwe pamoja, ngoma zinakiliwe kwa MIDI pigo kwa pigo, na kanuni zake zigawiwe kwa maprodyuza wetu. Nawe prodyuza, kabla hujabofya, badilisha mpigo, badilisha noti, kisha mwite mpiga ngoma mmoja asikilize na akusahihishe. Mashine haichoki kufundishwa. Tusichoke sisi kuifundisha.