Safari za Kutwa Kutoka Madrid

Vijana wetu wapatao nafasi ya kwenda kusoma Hispania, na wazazi wanaokwenda kuwazuru, aghalabu huifanya Madrid kituo chao, kisha hutaka kuona kila mji ulio jirani kwa siku tatu au nne. Nia hiyo ni njema. Lakini aendaye mwezi wa Novemba, majani yanapopukutika na baridi ianzapo, yampasa ajue kwanza khabari ya jua la huko. Kwani hilo, kuliko tikiti ya treni, ndilo litakaloamua ataona nini.

Sisi tumezoea jua lichomozalo saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili, na saa zetu twazihisabu kwalo. Madrid sivyo. Tangu mwaka 1940 Hispania yafuata saa za Ulaya ya kati, ingawa nchi yenyewe iko mbali magharibi. Kwa hiyo mwishoni mwa Novemba jua halichomozi ila saa mbili asubuhi imekwisha kupita, nalo hutua kabla ya kutimia saa kumi na mbili jioni. Adhuhuri huingia kama saa saba, na alasiri kama saa tisa na nusu. Atokaye hotelini saa nne, akafika aendako saa sita, mwanga aliobakiwa nao hautimii saa sita, na humo atoe wakati wa chakula na wa sala. Tena maduka mengi ya miji midogo hufungwa baina ya saa nane na saa kumi na moja, watu wakaenda kula na kupumzika. Yafunguliwapo, mgeni hana hata saa nzima ya mwanga, na upepo umekwisha kuwa mkali.

Basi rai yetu ni mji mmoja kwa siku moja, na wa kwanza uwe Toledo. Uko kama kilomita 70 kusini, na treni ya haraka kutoka stesheni ya Atocha hufika kwa muda wa dakika 35 hivi. Tikiti inunuliwe mapema, khasa ya Jumamosi na Jumapili, na ya siku zilizo karibu na tarehe 6 na 8 Desemba, ambazo ni sikukuu za nchi nzima, viti huisha.

Toledo ilikuwa chini ya Waislamu tangu karne ya nane hata mwaka 1085, alipoitwaa Mfalme Alfonso wa Sita. Twapenda msomaji aanzie msikiti mdogo wa Bab al-Mardum, uliojengwa mwaka 999, yaani 390 Hijria, kama maandishi ya matofali yaliyo ukutani yanavyosema. Baadaye uligeuzwa kanisa, na leo watu huingia kwa kiingilio. Ni mdogo kweli, kila upande kama mita nane tu. Lakini kijana na asimame katikati baina ya nguzo nne, atazame juu, azihisabu kuba ndogo tisa, kisha atafute mbili zilizofanana. Hatazipata.

Katika mji huu al-Zarqali alizipima nyota karne ya kumi na moja. Karne iliyofuata akaja Gerard wa Cremona kutoka Italia kukitafuta kitabu cha Ptolemy cha elimu ya falaki. Akajifunza Kiarabu, akakitia kwa Kilatini pamoja na vingine makumi. Mtoto aelezwe hayo akiwa palepale, si nyumbani.

Njia za mji ni za mawe, nyembamba, za kupanda na kushuka, na mvua ikinyesha huteleza. Kigari cha mtoto ni adhabu. Mbeleko yafaa zaidi. Madukani wakati huo hupangwa halua za lozi na sukari ziitwazo mazapán, ambazo ni fahari ya mji. Jirani yake huwekwa biskuti za polvorones na mantecados, na hizo desturi yake ni kutiwa mafuta ya nguruwe. Neno la kutafuta juu ya kisanduku ni manteca.

Siku ya pili, isiwe Jumatatu kwani hufungwa, mtu aweza kwenda El Escorial, jumba la Mfalme Felipe wa Pili. Katika maktaba yake zimo nuskha za Kiarabu za Mulay Zaydan, Sultani wa Moroko, zilizotekwa baharini mwaka 1612. Moto wa 1671 uliteketeza nyingi. Mgeni huonyeshwa ukumbi. Segovia nayo ina mfereji wa Warumi uliosimama bila ya chokaa, ila ni mji wa baridi kali; koti zito lisisahauliwe.

Córdoba wengi huitamani kwa siku moja, maana treni huchukua chini ya saa mbili. Sisi twasema alale huko. Msikiti ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza karne ya nane haukimbiliwi. Na ajue tangu nyumbani kwamba leo ni kanisa kuu, na sala ya Kiislamu hairuhusiwi ndani, asije akagombana na walinzi.

Siku ya mvua, abaki Madrid. Mji huo ulianza kama ngome ya Amiri Muhammad wa Kwanza wa Córdoba, karne ya tisa, na kipande cha ukuta wake kingali kipo Cuesta de la Vega, chini ya kanisa kuu la Almudena. Hapana tikiti, wala treni. Nusu saa kabla ya magharibi yatosha.