Ukienda Uskoti, punguza vituo

KANDO YA NJIA
Na Mwanaidi Shomvi

Likizo zikikaribia, wasomaji wenye ndugu Uingereza huniletea ratiba zao niziangalie. Nyingi zina siku mbili za Uskoti zilizobanwa mwishoni: Edinburgh asubuhi, Stirling mchana, Loch Ness jioni, kesho yake kisiwani Skye. Swali lao huwa moja: je, mvua itatuharibia? Jibu langu ni kwamba ratiba imekwisha kuwaharibia kabla ya mvua.

Sisi tumezoea mvua yenye msimu. Masika huchelewa, vuli hukatika mapema, lakini fundi anajua mwezi wa kuezeka. Uskoti haina kalenda hiyo. Pepo za kusini magharibi huleta unyevu wa Atlantiki mwaka mzima na kuumwaga kwenye milima ya magharibi, ambako baadhi ya sehemu hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Edinburgh, iliyo mashariki, hupata kama 700 tu, pungufu ya Dar es Salaam. Kinachomsumbua mgeni huko si wingi wa mvua. Ni kwamba jua, manyunyu na ukungu wa baharini vinaweza kupokezana kabla ya adhuhuri.

Tena hali hiyo ya hewa ni sehemu ya historia yenyewe. Tarehe 16 Aprili 1746, pale Culloden, jeshi la Charles Edward Stuart, aliyeudai ufalme wa Uingereza kwa ukoo wake, lilipigana kwenye ardhi chepechepe, upepo na mvua ya barafu vikiwapiga askari wake usoni. Vita vilikwisha kwa muda usiozidi saa moja. Huko visiwani Orkney, kijiji cha mawe cha Skara Brae, kikongwe kuliko piramidi za Giza, kilifukiwa na mchanga kwa maelfu ya miaka mpaka dhoruba ya mwaka 1850 ilipokifunua. Anayeomba mbingu ya buluu siku zote anaomba Uskoti nyingine.

Basi panga hivi. Kila siku iwe na mahali pawili katika mji uleule, pa kwanza pa wazi na pa pili penye paa, kisha asubuhi uchungulie dirishani ndipo uamue. Edinburgh, kukiwa kweupe, panda kilima cha Arthur's Seat. Kukichafuka, ingia Makumbusho ya Taifa mtaa wa Chambers, hakuna kiingilio. Glasgow ina makumbusho ya Kelvingrove, nayo bure. Kutoka Glasgow, treni hukufikisha Blantyre kwa muda mfupi. Hapo David Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika nyumba ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, ambayo sasa ni makumbusho. Mtanzania ana haki ya kufika hapo: watumishi wake Chuma, Susi na wenzao ndio walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo mwaka 1874.

Mwezi wa kwenda, kwangu, ni Mei. Jua huchelewa kuzama, na visubi wa milimani, wanaouma vibaya kati ya Juni na Septemba, bado ni wachache. Agosti kuna tamasha kubwa la sanaa lililoanza mwaka 1947, na bei za vyumba Edinburgh hupaa. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na majengo mengi ya kale hufungwa majira hayo.

Viza ya Uingereza inatosha, Uskoti haina ya kwake. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa kule utaupindua. Nunua koti la mvua lenye kofia na viatu visivyopitisha maji. Na kama visiwa vinakuvuta, vitangulize. Upepo ukizidi, feri haziondoki, na ndege ya kurudi haitakusubiri.

Najua hoja ya wanaobana ratiba: nauli ni ghali, nani ajuaye kama watarudi tena? Ndiyo hasa sababu ya kupunguza. Mwenye siku nne azigawe Edinburgh na Glasgow, Skye aiache. Aliyepita miji sita akiwa ndani ya basi lenye vioo vilivyojaa mvuke amelipa nauli ileile, na Uskoti hajaiona.