Sukari ya mtoto ikishuka, tutafute sababu



Darasani asubuhi, mtoto aliyekuja bila kula anajulikana: anapiga miayo, kichwa kiko juu ya meza, hesabu za jana zimepotea. Wengi huchangamka wakipata uji. Lakini yuko anayetoka jasho baridi, anatetemeka, anasema ovyo, kisha anazimia au anashikwa na degedege. Tusikimbilie kusema ni uchawi. Huenda sukari ya damu imeshuka sana, na ubongo unaishi kwa sukari hiyo. Tukichelewa, unaweza kuharibika, au tumpoteze mtoto.

Kwenye kituo cha afya, muganga anatoboa kidole. Tone moja la damu linatosha kupima. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, chini ya miligramu 54 katika desilita moja ni hatari.

Lakini kipimo hicho hakisemi kwa nini imeshuka. Sababu ni nyingi: malaria kali, na hata kwinini inayoitibu, utapiamlo, kutapika na kuhara, kulala njaa, vidonge vya kisukari vya bibi ambavyo mtoto amemeza, kanyanga iliyoachwa ndani ya chupa. Ikiwa hali inarudiarudia, huenda ni ini au homoni, na hapo vipimo vya hospitali vinahitajika.

Kwa hiyo muganga anahitaji majibu yako, mama. Mtoto alikula nini mara ya mwisho, na saa ngapi? Homa ilianza lini? Alipewa dawa gani, hata ya kienyeji? Hali hii ilishamtokea? Kama kuna dawa au chupa unayoishuku, ibebe.

Kabla ya kutoka nyumbani, anayeweza kumeza apewe ziwa la mama, au maji ya sukari: vijiko vidogo 4 vya sukari ndani ya mililita 200 za maji safi. Aliyezimia usimnyweshe kitu. Mlaze kwa ubavu, lowanisha kijiko kidogo cha sukari kwa matone ya maji, weka chini ya ulimi, na mwende mbio. Mwambie muganga kwamba ulimpa sukari.

Hata akiamka njiani, msirudi nyumbani. Sukari imemwamsha, lakini kilichomwangusha bado kimo mwilini.

Wamama wa vikundi, tusomeane maneno haya kwenye mkutano wa juma hili.

Mwalimu wenu